Mpira Uliogonga Sahani

Kwa miaka sita nilimjua kwa sauti zaidi ya kwa uso. Mimi nilikuwa mdakaji, yeye mwamuzi. Katika besiboli mdakaji huchuchumaa nyuma ya mpigaji, na mwamuzi husimama nyuma ya mdakaji, ameinama, kidevu kikikaribia bega la yule aliye mbele yake. Hivyo ndivyo tulivyokaa, Jumamosi baada ya Jumamosi, kwenye kiwanja cha Buterere kando ya mashamba ya mpunga: yeye akitazama juu ya bega langu la kulia, mimi nikimsikia akitafuna karafuu. Alipokuwa na uhakika alitafuna. Alipokuwa na shaka aliacha. Wapigaji hawakulijua jambo hilo. Nililijua mimi tu.

Wengi waliocheza nasi wanamkumbuka kwa hukumu moja aliyokosea. Wanaisimulia vizuri, isipokuwa sehemu moja ambayo hawaijui, na sehemu hiyo inanihusu. Nimejaribu mara kadhaa kuandika habari zake bila kuigusa, na kila mara nimeinuka mezani kabla ya kumaliza ukurasa. Kwa hiyo safari hii nitaigusa. Lakini kwanza nimweleze mtu mwenyewe.

Alikuwa mtunza ghala wa pampu za maji katika mradi wa mpunga. Mhandisi mmoja mgeni, aliyeongoza mradi, ndiye aliyewafundisha wafanyakazi wake mchezo huo. Vita vilipoanza, mhandisi aliondoka asubuhi moja akiwa na begi moja, akamwachia mtunza ghala kasha la mbao na maneno mawili: tunza hii. Ndani mlikuwa na marungu matatu ya kupigia, glavu kumi na moja, kinyago cha chuma, mipira, na kitabu cha sheria cha Kifaransa kisicho na jalada. Mtu mwingine angefunga kasha kwa kufuli. Yeye alisema ngozi isiyotumiwa huliwa na panya, na kwamba kutunza maana yake ni kutumia. Akawaita vijana wa Kamenge na wa Mutakura, mitaa miwili ambayo miaka ile haikuwa ikiitana kwa jambo lolote jema.

Yeye mwenyewe alikuwa Mwislamu wa Buyenzi, mtaa wa tatu usiokuwa upande wowote. Watu wa Kamenge walimkubali kwa sababu hakuwa wa Mutakura, na sisi wa Mutakura tulimkubali kwa sababu hakuwa wa Kamenge. Alilijua hilo na halikumfurahisha. "Munanipenda kwa bile mi siko," aliniambia siku moja akifagia sahani kwa brashi kuukuu ya rangi. Sahani ni lile bamba la pembe tano ambalo mpigaji husimama kando yake, na ambalo mkimbiaji hulirudia ili afunge pointi. Letu lilikatwa kwenye tairi la lori na kupakwa chokaa. Alipolifagia aliwapa mgongo wachezaji wote, akainama kabisa, na hakuna aliyethubutu kucheka.

Kitabu alikisoma kwa kidole. Shule yake ilikuwa fupi kama yangu, Kifaransa chake kilikuwa cha ghalani, lakini hakuruka sentensi. Akishaelewa sheria aliigeuza kuwa msemo wake, na msemo ukawa ndiyo sheria yenyewe.

Kuna siku mrushaji wetu alirusha mpira, yangeyange akaruka kutoka kwenye mpunga, mpira ukampata ubavuni. Manyoya yakaruka. Pande zote mbili zikaanza kupiga kelele, moja ikitaka mpira uhesabiwe na nyingine ikitaka urudiwe. Mwamuzi alingoja mpaka ndege akajikusanya akaondoka kwa miguu, kisha akasema, "Mbele ya rungu, ndege ni mugeni. Mpira umekufa, rudia. Nyuma ya rungu, ndege ni wa kiwanja, mucheze." Mbele alimaanisha kabla mpira haujapigwa, nyuma ni baada ya kupigwa. Nilipokuja kukisoma kitabu mwenyewe niliona kwamba hivyo ndivyo kilivyosema, kwa mistari mingi zaidi.

Siku nyingine mwanafunzi wa udaktari wa Kamenge alizungusha rungu, mpira ukampiga vidole. Akalitupa rungu chini, akaanza kwenda kituo cha kwanza kati ya vile ambavyo mkimbiaji huvizunguka, kituo ambacho mpigaji hupewa bure akigongwa na mpira, huku akipuliza mkono.

"Unaenda wapi?" Mwamuzi akamuuliza.

"Kituo cha kwanza, Mze. Mpira umenipiga."

"Umezungusha. Ni kosa la kwanza kwako. Rudi."

"Lakini umegonga mukono, na mukono ndiyo unashika rungu. Ni kitu moja! Basi ulikuwa mpira wa kupigwa, nikimbie."

"Rungu liko wapi sasa?"

"Liko chini."

"Na vidole?"

Mwanafunzi akaangalia vidole vyake. "Biko kwangu."

"Basi ni byako, si bya rungu. Rudi."

"Mze, binauma!"

"Reglema haisemi kitu juu ya kuuma."

Hilo neno, reglema, yaani sheria za kitabu, lilikuwa ngao yake. Mpira uliodunda chini kabla ya kumgonga mpigaji mguuni: wengi waliamini kwamba umekwisha kufa kwa kugusa udongo. Yeye alimpa mpigaji kituo cha kwanza. "Udongo hauui mpira," alisema. "Mi ndiye ninaua." Na watu wakakubali. Kila nikikumbuka hapo huwa nashangaa, kwa sababu nje ya kiwanja kile hakukuwa na mtu mjini ambaye neno lake lilikubaliwa na pande zote mbili hata kwa dakika moja.

Nisimfanye mtakatifu. Kwenye karata alikuwa mwizi. Alificha jike la shupaza chini ya goti na akaapa kwa Mungu kwamba hajaliona. Kwenye foleni ya mafuta ya taa alipita mbele ya kina mama kwa kujifanya anachechemea, na mguu aliochechemea haukuwa uleule kila mara. Umri wake aliusema tofauti kwa kila aliyemuuliza. Siku nilipomkabili kuhusu karata alinijibu bila aibu: "Inje ya majivu mi niko mutu kama we. Ndani ya majivu ni kitu ingine." Majivu ni mistari miwili aliyoichora kwa jivu la mapumba ya mpunga ili kuonyesha mipaka ya uwanja. Ndani yake sikuwahi kumsikia akisema neno asiloliamini. Makosa alifanya, lakini uongo hapana.

Alivaa saa mbili, zote nilizitengeneza mimi, kwa kuwa ndiyo kazi yangu. Ya mkono wa kushoto ilikuwa ya mchezo. Ya kulia ilikuwa ya kuvrefe, yaani saa ya serikali ambayo baada yake hakuna ruhusa ya kuwa njiani, na hiyo aliiweka mbele kwa dakika ishirini. Saa tisa na nusu kwa saa ya kulia alisimamisha mchezo hata kama mpira ulikuwa hewani.

Alifanya hivyo kwa sababu ya njia ya kurudi. Tulikuwa na desturi moja ambayo sijaiona mahali pengine. Hakuna aliyeondoka Buterere peke yake. Timu zote mbili zilitembea pamoja. Tulipofika kwenye bariyeri ya vijana wa Mutakura, yaani kizuizi walichoweka barabarani, sisi tulitangulia tukasema, hawa ni wetu, tunatoka kwenye mpira. Tulipofika upande wa Kamenge, wao walitangulia wakasema hivyohivyo. Yeye alitembea katikati akibeba kasha, kisha akaendelea zake Buyenzi. Mchezo wote ulisimama juu ya matembezi hayo. Bila hayo tungekuwa wajinga kumi na wanane wenye glavu.

Sasa nifike kwenye sahani.

Kitabu kilikuwa na mchoro wa uwanja, na mchwa walikuwa wameula. Mwamuzi aliuchora upya kwa akili yake. Alifikiri hivi: mpigaji yuko kando ya sahani, mdakaji yuko nyuma yake, kwa hiyo sahani ni mali yao wao, si ya uwanja. Akaanzishia mistari ya majivu mbele ya sahani, nayo ikabaki nje. Akahukumu kwamba mpira uliopigwa ukagonga sahani umegusa nje, na kwamba uliogusa nje kwanza umekufa hata ukirudi ndani. Kwa hiyo alikosea mara mbili, na sisi sote tulicheza hivyo miaka mitatu bila kujua.

Mimi nilijua kabla ya wengine. Alinipa kitabu nikishone, maana kurasa zilianza kuachana na mimi nina sindano nyembamba na subira. Usiku haukuwa na umeme, kwa hiyo nilikifanyia kazi mchana, dukani, katikati ya saa za wateja. Katikati ya kurasa mbili za mwisho wa kitabu zilizogandana kwa unyevu nikakuta karatasi moja ambayo yeye hakuwahi kuiona. Niliifungua kwa mvuke wa birika. Ilisema wazi kwamba sahani yote iko ndani ya uwanja. Ilisema pia kwamba haidhuru mpira umegusa wapi kwanza. Kinachohesabika ni pale unapotulia, au unapoguswa na mchezaji, kabla ya kupita kituo cha kwanza au cha tatu.

Niliisoma mara nne kwa kamusi. Ilikuwa Jumanne. Jumamosi ilikuwa tucheze na Kamenge, na Kamenge walikuwa na Sudere.

Sudere alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, mfupi, mwenye mikono mizito. Hakuweza kupiga mpira juu. Aliupiga chini kwa nguvu, mara nyingi kwenye sahani yenyewe, ukaruka juu kama maji ya moto. Kwa sheria yetu mipira yake nusu ilikuwa bure. Kwa sheria ya kwenye ile karatasi asingezuilika. Nikajiambia nitamwonyesha Mwamuzi baada ya mchezo, kwamba si vizuri kubadilisha sheria siku nne kabla. Niliishona karatasi mahali pake, kati ya kurasa za mpira wa ndani na za mpira wa nje, nikamrudishia kitabu, nikanyamaza.

Jumamosi ile tulikuwa mbele kwa pointi moja. Mtu wao alikuwa kituo cha tatu. Sudere akapiga. Mpira ukagonga sahani mbele ya magoti yangu, ukaruka juu sana, mrushaji wetu akaudaka ulipokuwa ukishuka, ndani kabisa ya uwanja. Yule wa kituo cha tatu alikuwa amekwisha kuigusa sahani, pointi ya kutusawazisha.

"Inje!" Mwamuzi akaita.

Sudere akasimama katikati ya njia ya kituo cha kwanza. "Inje namna gani, Mze?"

"Umegonga sahani. Sahani iko inje. Majivu unaona inaanzia wapi?"

"Majivu ni we uliyamwanga!"

Watu wakacheka, hata wa kwetu. Sudere hakucheka. Akarudi polepole akifuta mikono kwenye suruali.

"Nikuulize kitu, Mze. Mutu akizunguka byote, akafika, anagusa nini?"

"Sahani."

"Na point inahesabika?"

"Inahesabika."

"Sasa point inahesabika inje? Mutu anakimbia kote kule ili aende kufungia inje?"

Juu ya bega langu karafuu ilinyamaza. Nilisikia kabisa taya zikisimama. Kwa muda ambao ningeweza kuhesabu mpaka tano, mtu yule alikuwa na shaka, na jibu lake lilikuwa mdomoni mwangu, nyuma ya kinyago. Sikusema.

"Nimesema inje," akasema. "Neno ingine, utatoka."

"Niko na neno moja tu. Umekosa."

"Toka."

Mwenzake mmoja akaomba Sudere angoje kwenye nyumba ya pampu mpaka tumalize, tutembee pamoja. Mwamuzi akasema aliyetolewa hakai uwanjani, reglema inasema atoke. Sudere akachukua shati lake. Ilikuwa saa nane na dakika kumi. Akapita kando ya mpunga peke yake, na hakuna hata mmoja wetu aliyefikiri njia, kwa sababu tulikuwa tukifikiri mchezo. Tulishinda kwa pointi moja.

Vijana wa bariyeri yetu, ya Mutakura, walimsimamisha. Aliwaambia anatoka kwenye mpira. Wakamuuliza wenzako wako wapi. Walimvunja kiwiko cha mkono wa kulia kwa chuma, mahali pawili, na mkono ule haukunyooka tena. Wiki mbili baadaye alivuka mpaka kwenda Uvira.

Mchezo ulisimama wiki sita. Kisha Mwamuzi akatuita. Tulikuja wachache. Alikuwa amefuta mistari ya zamani na kuchora mipya, iliyokumbatia sahani pande zote. Akasimama juu ya ile sahani, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akafungua kitabu kwenye ile karatasi niliyoishona, akaisoma kwa Kifaransa, kisha kwa Kiswahili.

"Mpira wa Sudere ulikuwa ndani," akasema. "Mi nilikosa. Na nilimufukuza mutu mwenye alikuwa na haki. Mwenye anataka kuondoka, aondoke."

Watatu wa Kamenge waliondoka, na mmoja alimtemea mate karibu na mguu. Alibaki amesimama. Mimi nilikuwa hatua nne kutoka pale, nimeshika kinyago mkononi, na kwa mara ya pili sikusema.

Tangu siku ile alibadilika kwa jambo moja. Mwanzo alikuwa mwepesi, alihukumu mpira ungali hewani. Baadaye, mpira ukibingirika kandokando ya mstari, aliufuata akiwa ameinama, mikono magotini, bila kuuhukumu mpaka usimame kabisa. Wachezaji walimkejeli. "Mze, unaubembeleza ulale?" Akifika kwangu nilimsikia akipumua kama mtu aliyepanda mlima. Mimi pia nilikuwa situlii. Kila alipoacha kutafuna nilidhani sasa atanigeukia aniulize.

Hakuniuliza. Baadaye mtaa wa Kamenge ukavunjwa, watu wakatawanyika, na mapumba ya mpunga yakabaki bila kazi. Nilipitisha miaka mingi nikitengeneza saa za watu na kukwepa Buyenzi. Nilisikia kwamba anavuka mpaka mara kwa mara kwenda Uvira, hata wakati upande ule nao unawaka. Watu walidhani anafanya biashara.

Nilimwona tena vita vilipokuwa vinaelekea kwisha. Mwenyewe alinitumia ujumbe kwamba ile saa ya kulia imesimama. Nilimkuta barazani kwake, nyundo za mafundi gari zikigonga pande zote za avenyu, karata zimepangwa mkekani. Macho yake yalikuwa na ukungu mweupe. Nilisimama mbele yake akanitazama bila kunitambua.

"Geuka," akasema.

Nikageuka.

"Ego, ndiyo. Ni we, mdakaji. Uso wako siujui sana. Mugongo ninaujua."

Nilikaa nikaifungua saa. Ilikuwa na vumbi tu. Nikaisafisha, nikaiweka mbele kwa dakika ishirini kama zamani, nikaifunga, na kwa kuwa nilikuwa nimeinamia kazi nikaweza kusema. Nilimwambia kuhusu Jumanne ile, karatasi, mvuke wa birika, kamusi. Nilimwambia kwamba alipoacha kutafuna nilikuwa na jibu.

Alinyoosha mkono akapokea saa, akaiweka sikioni.

"Ile karatasi haikuwa na namba," akasema. "Mchwa walikula kona. Ulipoirudisha ilikuwa mahali pake sawasawa, kati ya mpira wa ndani na mpira wa inje. Mutu hawezi kuiweka pale bila kuisoma. Niliijua siku ileile nilifungua kitabu, Sudere amekwisha kuvunjwa mukono."

"Na hukuniuliza miaka yote hii?"

"Mwamuzi haulizi mdakaji. Hukumu ilikuwa yangu."

"Lakini mimi nilijua, Mze."

"Najua ulijua, sha, ndugu yangu. Ninasema hukumu ilikuwa yangu. Kile kingine ni chako. Sikuchukua cha mutu."

Akaivaa saa taratibu, kwa vidole, bila kutazama. Kisha akaniambia kwamba alimtafuta Sudere Uvira mara tatu bila kumpata, na mara ya nne akamkuta sokoni, anauza vyuma vya zamani kwa mkono wa kushoto. Akamwambia mpira ulikuwa ndani. Sudere akacheka mpaka akakaa chini. Akasema, Mze, hiyo uliivukia mpaka? Mi niliijua mbele yako. Akamnunulia chai.

"Halafu akaniuliza," Mwamuzi akasema. "Kama kuko mutu mwengine alijua."

Nyundo ziligonga. Nikaona mkono wake unaenda kwenye karata, unazipanga upya zilizokuwa zimepangwa.

"Nikamwambia, apana. Hakuna."

Nikaanza kurudisha vifaa vyangu mfukoni.

"Kwenye karata ni sawa," akasema. "Kwenye foleni ni sawa. Lakini ile ilikuwa ndani ya majivu. Miaka yote, uongo ni ule moja, na niliusema kwa ajili yako. Unanizuia usingizi. Mi siwezi kuvuka tena nimuambie, macho unayaona."

Kisha akasema kwa sauti ileile ya zamani, sauti ya kiwanjani, "Gari za Uvira zinaondokea karibu na soko. Mpaka unafungwa saa kumi."

Nikatazama saa mkononi mwake, kwa kuwa nilikuwa nimetoka kuirekebisha. Ilisema saa saba na dakika arobaini. Nikatoa zile ishirini.

Nilipoinuka aliinuka pia, akanishika bega la kulia, tukatoka hivyo mpaka penye gari za Uvira, mwisho wa avenyu, mimi mbele, yeye nyuma yangu nusu hatua. Alikuwa na karafuu mdomoni. Niliisikia ikisagika, kisha ikasimama, na haikuanza tena mpaka nilipokuwa nimepanda gari, yeye akiwa dirishani pangu, na dereva amefunga mlango.